Ramani ya Koa: Jinsi Maziwa Matatu Yalivyofanywa Bahari Moja

Kwa wanaokusanya ramani za kale, karatasi moja iliyochapishwa mwaka 1856 katika mji wa Gotha, Ujerumani, ni kitu adimu. Inaonyesha Afrika ya Mashariki kuanzia pwani ya Mombasa, Tanga na Kilwa hadi ndani kabisa ya bara, na katikati yake limelala ziwa moja kubwa mno, lenye mwili mpana na mkia mwembamba. Waingereza walipoiona waliipa jina la utani: ramani ya koa. Koa, kwa wasiomfahamu, ni yule mdudu laini anayefanana na konokono ila hana nyumba mgongoni. John Hanning Speke, ambaye aliikuta imetundikwa ukutani katika vyumba vya Chama cha Kifalme cha Jiografia mjini London, aliandika baadaye kwamba kila aliyeitazama alicheka na kutikisa kichwa.

Ziwa hilo halipo, na halikuwapo hata wakati ule. Yaliyopo ni maziwa matatu, na sisi tunaoishi Uganda tunakunywa maji ya mojawapo. Makala haya hayakusudii kuwacheka tena waliochora ramani hiyo. Yanakusudia kuuliza swali ambalo idara ya Kiswahili ina haki ya kuuliza sawa na idara ya jiografia: habari zilizoijenga ramani hii zilisemwa na nani, kwa lugha gani, na zilipotokea mahali gani? Maana kabla ya kuwa mistari na rangi, ramani ya koa ilikuwa mazungumzo, na sehemu kubwa ya mazungumzo hayo ilikuwa kwa Kiswahili.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Wazungu walikuwa wamechora maziwa katikati ya Afrika kwa karne nyingi bila kuyaona. Abraham Ortelius wa Antwerp alitoa mwaka 1573 ramani ya nchi ya mfalme wa hadithi aliyeitwa Prester John, na humo, kusini ya ikweta, akaweka maziwa mawili aliyoyaita Zaire na Zaflan. Chanzo chake kilikuwa ni Ptolemy, mwanazuoni wa Aleksandria wa karne ya pili, aliyesema kwamba Mto Nile unatoka katika maziwa yanayopata maji kutoka Milima ya Mwezi. Ramani za namna hiyo zilichongwa kwenye mabamba ya shaba. Fundi alikata kila mstari na kila herufi kinyumenyume kwa patasi ndogo ya chuma, wino ukapakwa, kisha karatasi ikagandamizwa juu yake. Kazi hiyo ilikuwa ghali na ya polepole, na bamba likishachongwa lilitumika kwa miaka mingi. Kwa hiyo kosa likishaingia katika shaba halikutoka upesi. Maziwa ya Ptolemy yaliendelea kuchapwa hadi Mfaransa d'Anville alipoamua, katika ramani yake ya Afrika ya mwaka 1749, kufuta kila asichokuwa na ushahidi nacho. Akaacha karibu bara zima likiwa jeupe. Upande wetu alibakiza ziwa moja jembamba na refu, Maravi, ambalo Wareno walikuwa wamelisikia.

Weupe huo ndio waliourithi wamisionari watatu Wajerumani waliotumwa na Chama cha Kimisionari cha Kanisa cha Uingereza. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, Johannes Rebmann akamfuata mwaka 1846, na Jakob Erhardt mwaka 1849. Makao yao yalikuwa Rabai, miongoni mwa Wamijikenda. Wasomaji wetu wanamfahamu zaidi Krapf kwa sababu ya sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1850 na kamusi yake kubwa iliyotoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Rebmann aliiona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, akatoa habari kwamba kileleni kuna theluji. Mjini London mwanajiografia mmoja, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alikataa katakata. Ni vizuri kulikumbuka jambo hilo, kwa sababu Rebmann alikuwa ameshaonja uchungu wa kusema kweli na kutosadikiwa.

Mwaka 1854 Erhardt alikwenda kukaa Tanga kwa muda wa miezi sita hivi. Tanga wakati huo ulikuwa mji wa wafanyabiashara waliokwenda bara kutafuta pembe za ndovu, na Erhardt alikuwa na kazi ya kuwasikiliza. Aliwauliza wanapita wapi, wanalala wapi, wanakutana na watu gani, na safari inaishia wapi. Rebmann naye, kule Rabai na Mombasa, alikuwa akiuliza maswali yale yale kwa watu wengine. Miongoni mwao alikuwamo Salimini, mtu kutoka pande za Nyasa aliyeletwa pwani akiwa mtumwa, ambaye kwake Rebmann alijifunza lugha ya kwao.

Hapa lazima tusimame kidogo, kwa maana ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Biashara ya bara ilikuwa na njia kuu tatu. Ya kaskazini ilitoka Tanga na Pangani, ikapita nchi ya Wamasai. Ya kati ilitoka Bagamoyo na bandari za jirani, ikapita Ugogo hadi Unyamwezi na kufika Ujiji. Ya kusini ilitoka Kilwa kuelekea Nyasa. Waliopita njia moja kwa kawaida hawakuwa ndio waliopita nyingine; mtu wa Kilwa alikuwa na wenyeji wake, madeni yake na vituo vyake, na mtu wa Tanga vivyo hivyo. Kila kundi lilipoulizwa safari inaishia wapi, lilijibu jambo moja: kwenye maji. Maji makubwa, yasiyoonekana ng'ambo, yenye mawimbi na mitumbwi.

Mwishoni mwa mwaka 1854 Erhardt na Rebmann walikaa pamoja kulinganisha habari zao. Wazo likawajia wote wawili: ikiwa kila njia inaishia majini, basi maji hayo ni mamoja. Wakachukua kalamu wakaunganisha. Tena hawakuunganisha ovyo. Wasafiri wa pwani walipima umbali kwa mwendo wa siku, na kutoka Kilwa maji yalifikiwa mapema kuliko kutoka Bagamoyo. Kwa hiyo ukingo wa ziwa ulilazimika kulala kwa mshazari, ukiwa karibu na pwani upande wa kusini na kuzidi kuwa mbali kadiri unavyokwenda kaskazini-magharibi. Umbo la koa lilipatikana hivyo, mkia ukiwa mahali pa Nyasa na mwili mpana ukielekea ndani ya bara. Lilikuwa hesabu halali iliyojengwa juu ya dhana isiyo halali. Ziwa lao lilianzia karibu na ikweta na kushuka hadi karibu nyuzi 14 kusini, yaani takriban kilomita 1,500.

Erhardt aliugua, akarejea Ulaya mwaka 1855 na ramani mkononi. Habari zake zilitoka kwanza katika gazeti la kimisionari la Calw, kusini mwa Ujerumani, mwezi Oktoba mwaka huo. Kisha August Petermann aliichapisha ramani katika jarida lake la jiografia, lililotolewa na kampuni ya Justus Perthes ya Gotha, karakana iliyosifika kote Ulaya kwa atlasi zake za kuchongwa kwenye shaba. Kichwa cha ramani kilikuwa kirefu kama desturi ya siku hizo, nacho kilisema kwa uaminifu kwamba mahali na ukubwa wa ziwa la Uniamesi ni wa kukadiria tu. Watu wachache waliojali neno hilo. Nakala nyingi zilizobaki zimenyofolewa katika majalada ya jarida hilo, na neno la tahadhari bado liko juu yake.

Mwanafunzi wa Kiswahili akiitazama karatasi hii atavutiwa na majina kabla ya umbo. Hilo neno Uniamesi ni Unyamwezi. Mjerumani akilisoma anatamka s iliyo kati ya irabu mbili kama z, kwa hiyo sauti ya mwisho haikupotea. Iliyopotea ni w. Cooley naye aliandika Monomoezi. Kwa msomaji wa Ulaya aliyekuwa bado ana Milima ya Mwezi ya Ptolemy kichwani, kusikia kwamba kuna nchi ya mwezi yenye ziwa kubwa ilikuwa kama ahadi iliyotimia baada ya miaka 1,700. Kwa mtu wa pwani jina hilo halikuwa na maajabu yoyote. Wengi hulieleza kuwa ni jina la watu wa magharibi, upande ambao mwezi mwandamo huonekana.

Lipo pia suala la nyanza. Wasukuma husema nyanza, Wayao husema nyasa, Wachewa husema nyanja, na Waganda husema ennyanja. Ni neno moja la Kibantu lililovaa sauti tofauti, na maana yake ni maji makubwa, basi. Mvuvi wa Ggaba akisema anakwenda ku nnyanja hataji jina la ziwa, anataja maji. Tukisema Ziwa Nyasa tunasema "Ziwa Ziwa". Sasa mfikirie Rebmann. Anamsikia Salimini akiitaja Nyasa ya kusini. Watu wengine wanamtajia Nyanza ya kaskazini. Anajua lugha vya kutosha kutambua kwamba maneno hayo ni ndugu. Ni hatua ndogo sana kutoka hapo hadi kuamini kwamba vitu vinavyotajwa ni kimoja. Asiyejua lugha hata kidogo angeandika maziwa mawili na angekuwa amekaribia zaidi ukweli! Kiswahili chenyewe hakikusaidia, kwa kuwa neno ziwa kwetu linatosha dimbwi la nyuma ya nyumba na linatosha pia maji ambayo mtumbwi unayavuka kwa siku kadhaa.

Wamisionari hawakuwa wa kwanza kuunganisha. Yule Cooley aliyeikataa theluji alikuwa ameandika tangu mwaka 1845 juu ya ziwa moja refu aliloliita N'yassi, naye pia alitegemea wasafiri wa pwani, akiwemo Khamis bin Uthman, Mswahili aliyemhoji London. Cooley aliwashambulia Erhardt na Rebmann kwa ukali kana kwamba yeye hakuwa na koa wake mwembamba zaidi.

Ni rahisi kusema kwamba wafanyabiashara wa pwani walidanganya ili kuficha njia zao za pembe. Ushahidi hausemi hivyo. Chukua ramani ya leo uwafuate hatua kwa hatua. Mtu wa Kilwa alisema njia yake inaishia kwenye maji, kweli, Nyasa. Mtu wa Bagamoyo alisema ukipita Unyamwezi unafika Ujiji na hapo pana bahari, kweli, Tanganyika. Aliyetaja Ukerewe upande wa kaskazini alisema kweli. Hakuna msafiri aliyelazimika kueleza kwamba maji yake si yale ya mwenzake, kwa sababu hajawahi kuyaona ya mwenzake, na hakuna aliyezunguka ziwa zima. Kuunganisha kulifanywa Rabai, mezani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kila mwaka tunapokea tasnifu za wanafunzi wanaoomba radhi kwa kutumia masimulizi ya wazee, kama kwamba kilichoandikwa ndicho kisichokosea. Hapa ni kinyume: simulizi zilikuwa sahihi, maandishi ndiyo yaliyopotosha.

Hata hivyo, kicheko cha London kilileta faida. Chama cha Jiografia kiliamua kutuma watu wakaone. Richard Burton, aliyeomba kwenda kuipima ile aliyoiita Bahari ya Ujiji, alifika Unguja Desemba 1856 pamoja na Speke. Mwezi Januari 1857 walimtembelea Rebmann karibu na Mombasa. Juni mwaka huo waliondoka pwani karibu na Bagamoyo, na tarehe 7 Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne, wakaingia Kazeh, mahali palipo mji wa Tabora.

Kazeh ilikuwa njia panda. Hapo njia ya kati iligawanyika: moja kwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kupanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Mtu aliyeishi hapo miaka mingi alisikia habari za pande zote kila wiki, na mtu huyo alikuwapo: Snay bin Amir al-Harthi, Mwarabu wa Oman, aliyewapokea wageni hao kwa ukarimu mkubwa. Mengi ambayo Burton aliyaandika kuhusu Karagwe na Buganda katika kitabu chake cha mwaka 1860 aliyapata kwake, bila yeye mwenyewe kufika huko. Burton alikijua Kiarabu vizuri. Speke hakukijua, wala hakujua Kiswahili. Alitegemea Kihindustani alichozungumza na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuishi Bara Hindi.

Speke anasimulia kwamba aliikunjua ramani ya wamisionari mbele ya Snay akamuuliza Nyasa iko wapi. Snay akajibu kwamba hilo ni ziwa mbali na lile la Ujiji, liko kusini. Je, Ukerewe ni nini? Akajibu kwamba nalo ni ziwa jingine, liko kaskazini, na ni kubwa kuliko la Ujiji. Koa akakatwa vipande vitatu kwa majibu mawili. Hapakuwa na darubini wala chombo cha kupimia nyota, na wageni walikuwa bado hawajaona ziwa hata moja. Vitabu vingi vya shule husema maziwa haya "yaligunduliwa" na Burton, Speke na Livingstone. Tarehe zao ni hizi: Burton na Speke waliliona ziwa la Ujiji tarehe 13 Februari 1858, Speke peke yake, Burton akiwa amebaki Kazeh, aliliona ziwa la kaskazini karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 akaliita Victoria, Livingstone alifika Nyasa Septemba 1859. Lakini hoja kwamba yako matatu ilishatolewa Kazeh mwishoni mwa mwaka 1857, na aliyeitoa alikuwa mtu aliyeulizwa swali zuri. Erhardt na Rebmann walikuwa wameuliza "safari inaishia wapi?" Speke aliuliza "hili na lile ni kitu kimoja?" Swali hilo la pili lingeweza kuulizwa Tanga pia, ingawa huenda Tanga hapakuwa na wa kulijibu.

Snay hakuishi kuona matunda yake. Aliuawa mwanzoni mwa miaka ya 1860 katika vita kati ya Waarabu wa Kazeh na mtemi ambaye Speke humwita Manua Sera. Hakuna ziwa, ghuba wala mlima uliopewa jina lake.

Wanajiografia wa London nao hawakutulia. Baada ya Burton na Speke kugombana, wapinzani wa Speke, Burton akiwa mstari wa mbele, walianza kudai kwamba hiyo Nyanza yake si ziwa moja bali ni maziwa kadhaa. Yaani watu wale wale waliocheka maziwa matatu kufanywa moja, sasa walilikata moja kuwa mengi, na safari hii pia mezani. Ubishi ulikoma Henry Morton Stanley alipolizunguka kwa mashua mwaka 1875 na kukuta ni moja. Wavuvi wa Sese na Buvuma, ambao mababu zao walilivuka kwa mitumbwi tangu enzi na enzi na kuliita Nalubaale, hawakuwa wameulizwa.

Ukerewe, jina ambalo katika ramani ya koa lilihusishwa na bahari nzima, lilirudi mahali pake: ni kisiwa, na ni wilaya katika mkoa wa Mwanza. Mzozo wa majina haukuisha hata hivyo, kwani Tanzania bado husema Nyasa na Malawi husema Malawi, na nyuma ya majina hayo kuna suala la mpaka unaopita majini au ukingoni.

Erhardt alipelekwa Bara Hindi na hakurudi Afrika Mashariki. Rebmann alibaki karibu na Rabai jumla ya miaka 29, akiwa amepofuka mwishoni, hadi alipoondoka mwaka 1875. Alifariki dunia mwaka uliofuata huko Korntal, Ujerumani. Kamusi ya lugha aliyofundishwa na Salimini, akiiita Kiniassa, ilitayarishwa na Krapf na kuchapishwa mwaka 1877. Anayetaka kujua watu wa pande za Nyasa walisemaje wakati huo bado huifungua.